Ngazi ya bawa la NACA 0012: mluzi ni wa bawa au wa handaki la upepo?

Chukua bawa laini la umbo la NACA 0012, ambalo juu na chini ni sawa na unene wake ni asilimia 12 ya upana wake. Lisimamishe ndani ya handaki la upepo lenye mkondo tulivu na uliinue nyuzi mbili au tatu. Kama upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni sentimita 10 na upepo unakwenda mita 30 kwa sekunde, namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo wa hewa na nguvu ya mnato wake, inafika kama 200,000. Katika hali hiyo husikii uvumi wa kawaida wa hewa peke yake. Unasikia mluzi mwembamba na mkali, wenye masafa yanayoweza kusomwa moja kwa moja kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila masafa.

Ongeza kasi polepole. Mluzi unapanda taratibu, kisha ghafla unarukia mlio wa juu zaidi, unapanda tena, unaruka tena. Ukichora masafa dhidi ya kasi, mchoro unatoka kama ngazi, na ndivyo watafiti walivyouita. Swali lililowashughulisha kwa zaidi ya miaka 40 ni rahisi kulitamka: vipandio hivyo ni vya bawa, au ni vya chumba ambamo bawa lilipimwa?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu sioni kingine kinachoonyesha wazi namna hii ugumu wa kupima kelele ya bawa. Maikrofoni hupokea kila kilichomo handakini: bawa, feni, vishikio, kuta, na hata sauti ya bawa iliyogonga ukuta ikarudi kuligusa bawa lenyewe. Hilo la mwisho ndilo hatari kuliko yote. Kelele ya feni unaweza kuipima bila bawa kisha ukaitoa. Sauti iliyorudi na kubadilisha tabia ya chanzo chake haitoki kwa hesabu ya kutoa.

Kipimo kilichoanzisha mjadala kilitolewa mwaka 1973 na Robert Paterson na wenzake wa maabara za United Aircraft, Marekani. Handaki lao lilikuwa la mkondo wazi: upepo unatoka mdomoni, unapita katikati ya chumba kisicho na mwangwi, na maikrofoni zinakaa nje ya mkondo. Walipima NACA 0012 na NACA 0018, wakaona kwamba kwa ujumla masafa ya mluzi hupanda kwa kasi ya upepo iliyoinuliwa kwa kipeo 1.5. Kanuni yao ni hii: zidisha 0.011 kwa kasi yenye kipeo 1.5, kisha gawa kwa kipeuo cha pili cha zao la upana wa bawa na mnato wa hewa. Kwa bawa letu la sentimita 10 unapata hezi 1,480 hivi kwenye mita 30 kwa sekunde, na kama 1,700 kwenye mita 33.

Lakini ukifuata kipandio kimoja tu, mluzi haupandi kwa 1.5. Unapanda kwa takriban 0.8. Kutoka mita 30 hadi 33 kipandio kinakufikisha hezi 1,590 tu, ilhali mstari wa jumla umeshafika 1,700. Pengo linakua, na likishakuwa kubwa vya kutosha mluzi unaruka kulifidia. Tabia mbili katika mlio mmoja: kuna kitu kinachochagua eneo la masafa kwa ujumla, na kuna kitu kingine kinachochagua masafa kamili ndani ya eneo hilo.

Maelezo ya awali yalikuwa kwamba bawa linaachia mizunguko ya hewa nyuma yake kama nguzo inavyofanya katika upepo, isipokuwa kipimo kinachoamua ni unene wa tabaka la mpaka, yaani ile hewa iliyopungua kasi karibu na uso wa bawa. Maelezo hayo yanatoa kipeo 1.5 vizuri kabisa, kwa kuwa tabaka tulivu hupungua unene kadiri kasi inavyoongezeka. Miruko hayaielezi hata kidogo. Mwaka 1974 Christopher Tam alilisema hilo waziwazi, akapendekeza mzunguko wa mrejesho: usumbufu unakua katika hewa iliyo nyuma ya bawa, unatoa sauti, sauti inarudi kwenye ukingo wa nyuma na kuamsha usumbufu mpya. Ni jambo lile lile linalofanya spika ilie kwa ukali maikrofoni inapoelekezwa kwake. Mlio unaodumu ni ule tu ambao safari yake ya kwenda na kurudi inakamilika kwa wakati wake.

Mwaka 1983 H. Arbey na J. Bataille, nchini Ufaransa, waliuhamisha mzunguko huo kutoka nyuma ya bawa hadi juu ya bawa lenyewe. Katika spektra zao kulikuwa na kilima kipana cha kelele, na juu ya kilima hicho miluzi iliyopangwa kwa nafasi sawa. Kilima, walisema, kinatokana na mawimbi madogo yanayokua ndani ya tabaka la mpaka, yale yaitwayo mawimbi ya Tollmien na Schlichting. Mawimbi yanafika ukingo wa nyuma, yanatoa sauti, sauti inapanda kinyume cha upepo hadi pale mawimbi yanapoanzia, karibu na mahali kasi juu ya bawa ni kubwa kuliko kote, na kuyachochea upya. Kwa hiyo kilima kinachagua eneo, mrejesho unachagua mlio.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kesi imekwisha. Kipimo cha Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kikaifungua upya.

Emma Nash, Martin Lowson na Alan McAlpine walichapisha kazi yao mwaka 1999. Bawa lilikuwa NACA 0012 lile lile, lakini handaki lilikuwa la aina nyingine: sehemu ya kupimia imefungwa kwa kuta, na mkondo wake una msukosuko mdogo sana. Waliipata miluzi, mingine ikisimama hadi desibeli 40 juu ya kelele ya handaki lenyewe, yaani shinikizo la sauti mara 100 zaidi. Waliipata na ngazi. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha kisa chote: waliibadilisha sehemu ya kupimia ili ikaribie hali ya chumba kisicho na mwangwi, wakapima tena bawa lile lile.

Ngazi ikatoweka. Mluzi ulibaki.

Ukali wa jaribio hili unatokana na kile ambacho hakikuguswa. Kama bawa ni lile lile na mkondo ni ule ule, na kilichobadilika ni namna kuta zinavyorudisha sauti, basi kilichotoweka kilikuwa cha kuta. Wakaongeza vipimo vya kasi kwa leza, vilivyoonyesha mawimbi yenye masafa yale yale ya mluzi yakikua kwa nguvu katika hewa iliyoachana na uso, kidogo tu kabla ya ukingo wa nyuma, upande wa bawa wenye shinikizo kubwa. Hesabu ya ukuaji wa mawimbi hayo ilikubaliana vizuri na masafa waliyoyasikia, bila kuhitaji mrejesho wa sauti kuyachagua.

Sasa ngazi zote za awali zikawa na kivuli cha shaka. Ili kuona kwa nini shaka hiyo ilikuwa ya haki, inafaa kuweka namba mezani. Namba hizi ni za mfano, wala si za maabara yoyote.

Tuseme handaki letu lina kuta ngumu, ya juu na ya chini, zilizo mbali kwa mita 1. Sauti inayokwenda na kurudi kati yake ina masafa inayoyapenda: hezi 170 na mafungu yake (340, 510 na kuendelea). Bawa likiwa katikati kabisa, linachochea zaidi mafungu witiri, kwa sababu sauti ya ukingo wa nyuma huja kinyume juu na chini: shinikizo likipanda upande mmoja, upande wa pili linashuka. Kwa hiyo, karibu na mluzi wetu, tunabaki na 1,190, 1,530, 1,870 na kuendelea, pengo la hezi 340. Mstari wa kipeo 1.5 wa bawa letu unapita 1,530 upepo ukiwa mita 31 hivi kwa sekunde, na 1,870 ukiwa mita 35. Chumba kama hiki kina kila sababu ya kuufanya mluzi uruke kila upepo unapoongezeka kwa mita nne na nusu hivi.

Tugeukie mzunguko wa juu ya bawa. Tuseme mawimbi yanaanza sentimita 6 kabla ya ukingo wa nyuma na kusafiri kwa asilimia 45 ya kasi ya upepo. Upepo ukiwa mita 30 kwa sekunde, safari ya kushuka inachukua milisekunde 4.4. Sauti inayorudi juu, ikipingana na upepo, inachukua chini ya milisekunde 0.2. Mzunguko mzima ni kama milisekunde 4.6, na pengo kati ya mlio na mlio linakuwa hezi 215 au 216. Ukilinganisha tofauti ya vipeo 1.5 na 0.8, mruko unatarajiwa kila upepo unapoongezeka kwa mita sita hivi.

Hezi 340 na hezi 216. Mita nne na nusu, na mita sita. Chumba na bawa vinajenga ngazi za ukubwa unaokaribiana. Aliyepima kwa hatua za mita mbili mbili, kwa maikrofoni moja, katika handaki moja, hana njia ya kujua ameiona ipi. Si uzembe wake. Vipimo vya bawa na vya handaki vinavyotumika kwa kawaida ndivyo vinavyozileta ngazi hizi mbili karibu hivyo.

Hata hivyo zina tofauti moja isiyofichika. Pengo la ngazi ya bawa linatawaliwa na mawimbi yanayobebwa na upepo, kwa hiyo kasi ikiongezeka pengo linapanuka na vipandio vinainuka. Masafa ya chumba hayajali kasi kiasi hicho. Kwenye mita 30 kwa sekunde, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kasi ya sauti, badiliko lake halifiki asilimia 1. Vipandio vya chumba vinatakiwa kulala karibu bapa. Kwa hiyo mchoro wenye vipandio vinavyopanda kwa 0.8 unaelekeza kidole kwenye bawa, na mchoro wenye vipandio bapa unaelekeza kwenye kuta. Ningetaka kila anayechapisha ngazi achapishe hatua ndogo za kasi, nusu mita kwa nusu mita, ili mteremko wa kila kipandio usomeke. Jedwali la masafa matano halisaidii kitu.

Ushahidi uliofuata ulirudi upande wa bawa. Mwaka 2007 Guillaume Desquesnes, Marc Terracol na Pierre Sagaut walikokotoa mtiririko huo kwa kompyuta, wakipata mluzi mkuu pamoja na miluzi ya pembeni. Kompyuta haina kuta za mbao wala chuma. Ina mipaka ya eneo la hesabu, ambayo nayo inaweza kurudisha sauti isiposhughulikiwa vizuri, lakini inashughulikiwa, na miluzi hiyo haikuhitaji ukuta ili ijitokeze. Walieleza miluzi ya pembeni kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi, kunakotokana na kuhusishwa kwa pande zote mbili za bawa. Kisha mwaka 2012 Tze Pei Chong na Phillip Joseph walionyesha ngazi katika handaki la mkondo wazi ndani ya chumba kisicho na mwangwi, hali iliyo karibu na ile ya mwaka 1973.

Uamuzi wangu basi ni huu. Bristol hawakukosea, na Paterson hakukosea. Mluzi unatokana na mawimbi ya tabaka la mpaka, na hayo yapo chumba kiwe cha aina yoyote. Ngazi inatokea pale sauti inaporudi kwenye mawimbi kwa nguvu ya kutosha na kwa wakati thabiti. Kuta ngumu zinaweza kuirudisha. Bawa lenyewe linaweza pia, kwa njia fupi kutoka ukingo wa nyuma hadi mahali mawimbi yanapoanzia. Pale Bristol njia ya kuta ilipofungwa, njia ya bawa haikuwa na nguvu ya kujitokeza katika hali walizopima. Kwingine ilikuwa nayo. Kudai kwamba ngazi ni uongo wa mahandaki ni kuvuka mpaka wa kile ambacho jaribio lilionyesha, na kudai kwamba kila ngazi iliyochapishwa ni ya bawa ni kuvuka mpaka huo kutoka upande wa pili.

Kuna jambo lingine linalofanya maabara mbili zishindwe kuelewana hata zikiwa na bawa la ukubwa mmoja, nalo ni pembe. Katika mkondo wazi hakuna kuta za kuuzuia upepo usipinde. Bawa likiinuliwa, linausukuma mkondo mzima chini, na pembe linayoiona hewa inakuwa ndogo kuliko ile uliyoifunga kwa spana. Thomas Brooks, Stuart Pope na Michael Marcolini, waliopima katika kituo cha NASA cha Langley, Marekani, mabawa ya NACA 0012 ya upana wa sentimita 2.54 hadi 30.48 na kutoa matokeo mwaka 1989, walitumia sahihisho linalotegemea uwiano wa upana wa bawa na kimo cha mkondo. Upana wa bawa ukiwa nusu ya kimo cha mkondo, nyuzi 4 zinakuwa nyuzi 2. Ukiwa sawa na kimo cha mkondo, nyuzi 4 zinashuka hadi kama 1.1.

Mluzi wetu unategemea sana pembe. Nyuzi moja tu inatosha kupahamisha mahali hewa inapoachana na uso, na hivyo kuuwasha au kuuzima. Mtu anayelinganisha nyuzi 4 za mkondo wazi na nyuzi 4 za handaki lililofungwa analinganisha hali mbili tofauti, halafu anatafuta sababu ya tofauti kwenye kuta. Nimesoma hoja za namna hiyo mara nyingi mno. Njia bora kuliko sahihisho la kwenye karatasi ni kutoboa matundu madogo kwenye uso wa bawa, kupima mgawanyo wa shinikizo, na kutafuta pembe ambayo hesabu inatoa mgawanyo ule ule. Hiyo ndiyo pembe ya kuandika kwenye mchoro.

Mwaka 2015 Stefan Pröbsting, Fulvio Scarano na Scott Morris waliongeza swali la upande. Walivuruga tabaka la mpaka upande mmoja kwa makusudi huku upande wa pili ukiachwa tulivu, wakaona kwamba katika namba ndogo za Reynolds ni upande wa mnyonyo, wenye shinikizo dogo, unaoutawala mluzi, na katika namba kubwa ni upande wa shinikizo. Kwa hiyo hata sentensi "mluzi unatoka upande wa shinikizo", iliyo sahihi kwa Bristol, haistahili kubebwa hadi kwenye bawa dogo na upepo wa polepole.

Kwa anayekusudia kupima leo, ningeanza na utepe mwembamba wenye meno au chembe za mchanga, uliobandikwa upande mmoja baada ya mwingine. Utepe huuvuruga mtiririko mapema na kuyaua mawimbi tulivu. Mluzi ukinyamaza, ni wa tabaka la mpaka, na umejua upande. Usiponyamaza, chunguza unene wa ukingo wa nyuma: ukingo butu wa milimita 1 hutoa mlio wake katika maelfu kadhaa ya hezi kwenye mita 30 kwa sekunde, na mlio huo hufuata kasi moja kwa moja, kwa kipeo 1. Chunguza pia vishikio na mianya pale bawa linapokutana na bamba za pembeni.

Baada ya hapo weka maikrofoni mbili, juu na chini ya bawa, umbali sawa. Kama mluzi unatoka ukingo wa nyuma, ishara zake zitakuwa kinyume moja kwa nyingine. Katika handaki lililofungwa usiamini maikrofoni moja ya ukutani, kwa kuwa inaweza kukaa mahali ambapo wimbi la chumba linajifuta lenyewe, ukaandika kimya kisichokuwepo. Katika mkondo wazi kumbuka kwamba sauti hupinda inapotoka kwenye mkondo kuingia hewa tulivu, na kwamba msukosuko wa mpaka huo huupanua mluzi mwembamba, hasa katika masafa ya juu. Kilele kikionekana kifupi kuliko inavyopaswa, nguvu yake huenda imetawanyika pembeni tu.

Na ngazi ikijitokeza, badilisha chumba. Tandika kuta sponji la kunyonya sauti. Kama haiwezekani, sogeza bawa kutoka katikati kuelekea ukuta mmoja: mafungu shufwa ya chumba, yaliyokuwa kimya, yataanza kuchochewa, na vipandio vya chumba vitahama au kuongezeka. Vipandio vya bawa vitabaki vilipokuwa, mradi umehakikisha kwa matundu ya shinikizo kwamba pembe haikubadilika. Katika mkondo wazi funika kwa sponji mdomo wa mkondo na kile kinywa cha kupokea upepo mwishoni, maana hizo ndizo sehemu ngumu zilizobaki za kurudisha sauti. Ripoti ya kipimo iwe na michoro miwili, kabla na baada ya badiliko hilo, kwa hatua zile zile za kasi.